Sehemu ya Mwisho ya Bi Kidawa

Nchi ya Shwari haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuiona, na hilo linanipa amani ya kuieleza. Msomaji akianza kujikuna humu ndani, atafute mbu chumbani mwake. Mimi sikumtuma.

Shwari ni nchi nzuri. Barabara hukarabatiwa kila anapopita kiongozi, na kwa kuwa viongozi hupita njia moja tu, njia hiyo ina lami nene kama godoro. Magazeti yapo matano na yote huandika habari moja, ili wananchi wasigombane. Kiongozi wetu huitwa Mlezi Mkuu. Ametuongoza karibu miaka thelathini kwa sababu, kama tunavyofundishwa darasa la kwanza, mlezi haondoki mpaka mtoto akue. Sisi hupimwa kila baada ya miaka mitano, na kila mara hukutwa bado.

Katika nchi hiyo palikuwa na tamthilia ya televisheni iliyoitwa Bi Kidawa. Ilimhusu mjane wa makamo aliyekaanga maandazi katika kantini ya ofisi moja ya serikali, na jioni akapanda jukwaani kwenye ukumbi mdogo kuwasimulia watu aliyoyaona mchana. Hakumtukana mtu. Alieleza tu jinsi mkuu wa idara alivyoitisha mkutano wa kujadili wingi wa mikutano, au jinsi lifti ilivyozinduliwa kwa ngoma na utepe, kisha ikafungwa ili isichakae. Watu walicheka mpaka wakaombana maji. Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni mitaa ilikuwa mitupu. Hata wezi walikuwa majumbani wakitazama. Uhalifu wa Jumapili ukashuka, na Waziri wa Usalama akavishwa nishani kwa kazi hiyo.

Aliyeiandika tamthilia hiyo na kuigiza Bi Kidawa alikuwa Mize Shomari, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mrefu, mwenye uso uliotulia kama maji ya mtungini. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaachishwa kazi kwa kosa la darasa lake kufurahia hesabu. Jukwaani hakutabasamu hata mara moja. Aliamini kwamba anayecheka kichekesho chake mwenyewe ni kama mpishi anayelamba mwiko mbele ya wageni.

Baada ya karibu miaka minne na sehemu mia moja tisini na tisa, Mize alichoka. Hakuwachoka watu. Aliona tu kwamba yaliyokuwa kifuani yametoka, na kuendelea kungekuwa kukamua nguo iliyokwisha kukauka. Akaenda redioni, akasema kwa adabu, "Sehemu ya mia mbili itakuwa ya mwisho. Nawashukuru. Nataka kuondoka watu wakiwa bado wananitaka."

Alidhani amesema jambo dogo.

*

Kesho yake asubuhi alipigiwa simu na Bwana Anzuruni, mkurugenzi wa kituo cha televisheni.

"Mize," alisema, "mimi nina watoto."

"Najua, kaka Anzuruni. Sita."

"Wa saba yuko njiani. Vaa haraka, tunaitwa wizarani."

Wizara yenyewe ilikuwa Wizara ya Furaha, Maadili na Mambo Mengineyo. Waziri wake, Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Alfani Kidevu, aliwapokea nyuma ya meza pana kiasi kwamba chai ya mgeni ilifika ikiwa imepoa. Pembeni alikaa karani wa kuandika kumbukumbu.

"Ndugu Mize," Waziri alianza, "jana redioni ulitumia neno moja ambalo sitalirudia."

"Mwisho?"

Karani alisimamisha kalamu, akamtazama Waziri, kisha akaandika nukta tatu.

Waziri alisimama, akafunga kifungo cha koti, kwa maana alikuwa hawezi kusema zaidi ya sentensi mbili bila kuhutubia. "Shwari ni nchi ya mwendelezo. Mito yetu inaendelea. Milima yetu inaendelea. Mlezi wetu Mkuu, Mola amzidishie, anaendelea. Sasa wewe, mpika maandazi..."

"Mpika maandazi ni Bi Kidawa, Mheshimiwa. Mimi ni Mize."

"Usinivuruge. Wewe, mpika maandazi, hujaugua, hujafumaniwa, hujafukuzwa. Unapendwa na taifa zima. Halafu unasimama hadharani kusema unaondoka kwa hiari yako. Mwananchi wa kawaida atajifunza nini hapo? Kwamba mtu anaweza kupendwa na bado akaondoka?"

"Inawezekana, Mheshimiwa. Inauma kidogo tu."

Waziri hakucheka. Alifungua kabati, akatoa mafaili. Ya kuanzisha kitu yalikuwepo, ya kuongeza muda yalikuwepo tele, na ya kurudia yalikuwepo. La kumaliza halikuwepo. "Huoni?" alisema kwa huruma ya kweli. "Hata ukitaka, utamaliza kwa faili gani?"

Mize alisema angeweza kumaliza bila faili. Hapo Waziri akaketi, akashusha sauti, akamuuliza habari za Bwana Hamidu.

Hamidu alikuwa mpiga kinanda wa tamthilia. Mwaka wa nyuma, kwenye sherehe moja, aliupiga wimbo wa taifa polepole kidogo, ikasikika kama nchi imechoka. Akapelekwa Kituo cha Kutafakari, akatafakari miezi minane. Aliporudi alikuwa mnene, mpole, amevaa shati jipya. Ila ukimwekea kinanda mbele, aliitazama mikono yake kama vitu alivyoazimwa na mtu asiyemkumbuka.

"Hajambo," Mize alijibu, akaisukuma chai yake pembeni.

"Vizuri. Basi tuelewane. Sehemu ya mia mbili itarushwa, kwa sababu umeshaitangaza na wananchi wanaingoja. Lakini wizara ndiyo itakayoiandika. Wewe utaigiza."

*

Ndipo ilipoundwa Kamati ya Taifa ya Kuratibu Hitimisho Lisilohitimisha. Ilikuwa na wajumbe saba pamoja na Waziri, mwenyekiti wake. Walipatikana kwa mtihani: watu mia mbili waliketishwa mbele ya sehemu bora za Bi Kidawa kwa saa tatu, na kila aliyetikisa mdomo akatolewa. Waliobaki walikuwa daktari wa mifugo, wakuu wawili wa mikoa, mtaalamu wa mizani, mhadhiri wa falsafa ya utii, na bibi mmoja ambaye baadaye ilijulikana kuwa alikuwa amelala.

Kamati ilikuwa na katibu wake, mzee Metusela Kihwele, wa miaka sitini na minane, aliyegonga mhuri wa wizara hiyo kwa miaka arobaini na miwili. Hakuwa mjumbe na hakuulizwa maoni. Alikaa mwisho wa meza na kidau chake cha wino, akisubiri karatasi.

Walianza na muswada alioandika Mize. Ulikuwa mfupi. Bi Kidawa anaosha masufuria yake, anapanda jukwaani, anasimulia kisa kimoja cha marehemu mumewe, anawaaga watu, anashuka katikati yao na kutoka nje kwa mlango wa mbele.

"Anakwenda wapi?" aliuliza mkuu wa mkoa wa kwanza.

"Nyumbani," Mize alijibu.

"Kufanya nini?"

"Kupumzika."

"Kupumzika kutokana na nini? Unataka kusema kazi katika nchi hii inachosha?"

"Na huo mlango," akasema mtaalamu wa mizani, "kwa nini uko wazi?"

"Ili apite."

"Wananchi watauona uko wazi."

Wakaandika: mlango ufungwe. Siku ya pili mhadhiri wa falsafa ya utii alihoji kwa nini mume wa Bi Kidawa alifariki, na kama hakuna namna ya kumrudisha. Siku ya tatu daktari wa mifugo alitaka angalau mbuzi mmoja aonekane akiwa na afya. Siku ya nne muswada wa Mize uliwekwa kando kwa heshima, yaani ulitupwa, na kamati ikajifungia kuandika wa kwake.

Siku ya kumi na moja Mize aliitwa kuusoma mbele yao.

Aliusoma mpaka tendo la mwisho. Akarudi nyuma, akalisoma tena tendo hilo, taratibu. Kamati iliandika hivi: Bi Kidawa anapanda jukwaani na sanduku la ngozi lililofungwa. Anawaambia watu amechoka, anatamani kwenda shambani kufuga nyuki. Watu wanaomboleza. Wazee wanne wanapanda na kulishika sanduku. Anakataa mara ya kwanza, anakataa ya pili, anakataa ya tatu. Mara ya nne anatoa leso nyeupe, anafuta jicho la kulia, na kusema: "Nilikuwa nimeshafunga mizigo. Lakini mimi ni nani hata nipingane na machozi yenu?" Wazee wanalifungua sanduku kuonyesha kwamba haendi popote. Vigelegele.

Hapa inanibidi nimweleze msomaji ambaye hajapata bahati ya kuzaliwa Shwari. Kila baada ya miaka mitano, kwenye Mkutano Mkuu, Mlezi wetu hupanda jukwaani akiwa na sanduku la ngozi. Husema amechoka. Husema nyuki wake wanamngoja. Wajumbe hulia machozi yaliyogawiwa kwa mikoa, wazee wanne hulishika sanduku, yeye hukataa mara tatu, na ya nne hutoa leso. Maneno anayoyasema wakati huo tunayajua kwa moyo. Yamechapwa kwenye madaftari ya shule. Ameyasema mara tano.

Mtu atauliza, wasomi saba waliwezaje kuyaandika wasiyatambue? Nimelifikiria sana swali hilo. Nadhani walipoambiwa wabuni jinsi mtu apendwaye anavyoaga, waliingia vichwani mwao kutafuta, na humo ndani hapakuwa na picha nyingine. Na kama yupo aliyeona, angefanyaje? Angenyoosha mkono aseme kwamba jambo hili linachekesha likifanywa na mpika maandazi? Mwenzake angemuuliza: kwani likifanywa na nani halichekeshi?

"Mheshimiwa," Mize alisema, "niigize hivi hivi?"

"Neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze. Hata mkato usiuguse."

"Basi naomba kila ukurasa ugongwe mhuri, nisije nikakosea."

Waziri alifurahi. Aliwageukia wajumbe na kusema hivyo ndivyo msanii mwenye adabu anavyokuwa. Mzee Metusela akavuta kidau, akaanza kugonga. Kurasa zilikuwa thelathini na nane. Alipofika ule wa sanduku, mkono ulisimama hewani. Akamtazama Mize juu ya miwani.

"Binti yangu, umeusoma huu?"

"Nimeusoma, mzee wangu."

"Wote?"

"Wote."

Mzee alipuliza mhuri pumzi ya moto, kama alivyozoea wino ukikauka, akagonga. Wajumbe wote wakasaini chini yake, na yule bibi akaamshwa asaini.

*

Bwana Anzuruni aliusoma muswada akausifu kuwa una heshima. Aligundua kitu siku ya mazoezi, Mize aliposhika leso. Akakaa juu ya waya za kamera.

"Mize. Wa saba amezaliwa juzi."

"Hongera, kaka. Ndiyo maana tunafuata maagizo."

"Watatuua."

"Watuue kwa kosa gani? Litaje."

Anzuruni alifikiri sana, asilipate, na kutolipata kukamwogopesha zaidi.

Usidhani Mize hakuogopa. Alikwenda kumtazama Hamidu, akakaa naye barazani kutwa nzima, akiitazama ile mikono. Aliporudi nyumbani aliamua jambo moja: hataongeza chochote. Hatakonyeza, hatabinua mdomo, hatatikisa bega. Kama kosa lipo litakuwa lao, na kama kicheko kipo kitoke palipoandikwa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya. Kufuta jicho moja tu, la kulia, huku la kushoto likibaki kavu na likitazama umbali wa miaka mitano ijayo, kulimchukua siku tatu za mazoezi mbele ya kioo.

Waziri aliagiza sehemu hiyo irushwe moja kwa moja, ukumbi ukiwa na watu, kamati ikiwa safu ya mbele. Alimwalika na Mlezi Mkuu aitazame akiwa Ikulu. Barua ya mwaliko ilieleza kwamba ni kazi ya mikono ya wizara.

*

Jumapili ilifika. Dakika ishirini za mwanzo zilikuwa mbaya kama zilivyoandikwa. Mbuzi alionekana, alikuwa na afya. Watu ukumbini walikaa na nyuso za msibani, wakimhurumia Mize wao.

Kisha Bi Kidawa akatokea na sanduku.

Alitembea polepole, mgongo umepinda kidogo kwa uzito wa kulitumikia taifa la wala maandazi. Akaliweka sanduku chini, akaugusa moyo wake. "Ndugu zangu," alisema, "nimechoka."

Safu ya tatu mwanamke mmoja alitoa sauti kama kifuniko cha sufuria kinachoinuliwa na mvuke. Akajiziba mdomo kwa khanga. Sauti ikatokea kwa jirani yake.

"Nyuki wangu wananingoja."

Basi ukumbi ukalipuka. Watu hawakucheka kama siku nyingine. Walicheka kama watu waliobanwa karibu miaka thelathini na mlango ukapigwa teke. Waliangukiana mabegani. Mtu mmoja wa miraba minne, aliyepangiwa na kamati kupiga ukelele wa "Tutabaki yatima" alifika kwenye "yati" akapiga magoti, akashindwa kunyanyuka. Nje ya ukumbi, nchi nzima ilikuwa katika hali hiyo hiyo. Kwenye arusi moja bibi arusi alitokwa na wanja mpaka kidevuni. Kambini, koplo aliyekuwa lindoni alikabidhi bunduki yake kwa mwenzake akaenda kujilaza kwenye majani.

Machozi yalikuwa yakiwatiririka. Na Waziri Kidevu, aliyegeuka kuwatazama, aliona machozi tu.

"Wanalia," alimwambia daktari wa mifugo. "Nilisema watalia." Akasimama, akaanza kupiga makofi, na kamati yote ikasimama naye, kamera ikawaonyesha, saba kwa safu, wakishangilia.

Bi Kidawa alikataa mara ya kwanza. Akakataa ya pili. Akakataa ya tatu, na katikati ya kelele zote hizo uso wake haukutikisika hata unyusi. Akatoa leso nyeupe.

Hapo ndipo mhadhiri wa falsafa ya utii alipoacha kupiga makofi. Alimnong'oneza mtaalamu wa mizani. Habari ikapita safu nzima, kiti kwa kiti, na kila ilipofika mtu aliketi. Ya mwisho ilimfikia Waziri. Alibaki amesimama peke yake, viganja vimetengana, kama mtu anayepima urefu wa samaki.

"Nilikuwa nimeshafunga mizigo," Mize alisema. "Lakini mimi ni nani hata nipingane na machozi yenu?"

Wazee wanne walilifungua sanduku na kuligeuzia kamera. Lilikuwa tupu. Muswada haukusema lina nini, naye alikatazwa kuongeza.

Kwa muda mfupi hakuna aliyecheka. Karibu miaka thelathini tulikuwa tumeliona sanduku lile likipandishwa na kushushwa, tukilililia, na hakuna aliyewahi kuuliza kama ndani mna hata soksi moja. Halafu kikaja kicheko ambacho siwezi kukieleza. Wenye vyombo vya kupima matetemeko walisema vilisoma kitu.

Inasemekana Ikulu Mlezi Mkuu aliuliza swali moja tu: "Nani aliwaambia wafungue?"

*

Mize alikamatwa Jumanne. Aliwekwa kizuizini siku kumi na tisa, akafikishwa mbele ya Hakimu Generosa Mtupile kwa shtaka la kutii maagizo kwa nia ya kudhihaki.

"Mshtakiwa alibadilisha neno lolote?" Hakimu aliuliza.

"Hapana, Mheshimiwa," alijibu mwendesha mashtaka.

"Aliongeza?"

"Hakuongeza."

"Basi alikosa nini?"

Mwendesha mashtaka aligeuza karatasi zake mara mbili. "Aliigiza vizuri mno, Mheshimiwa."

Hakimu aliomba auone muswada. Akazitazama kurasa moja baada ya nyingine, kila moja ina mhuri wa Wizara na saini saba. Akauliza kama hao saba nao watashtakiwa, kwa kuwa mshtakiwa alisema waliyoyaandika. Mwendesha mashtaka akaomba dakika tano za kupiga simu. Zikawa saa tatu. Aliporudi alisema serikali haina tena nia ya kuendelea na shauri, kutokana na hitilafu ya kiufundi. Hakimu akaomba radhi, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango, na walioketi karibu na mlango huo wanasema alikaa humo muda mrefu na kwamba meza ilikuwa ikipigwa ngumi.

Sasa asije mtu akadhani kicheko kinang'oa mtu kitini. Mkutano Mkuu ulifanyika wiki sita baadaye. Mlezi alipanda bila sanduku. Alifungua kinywa kusema "Ndugu zangu," na mjumbe mmoja wa mkoa wa mbali akang'ata tai yake mwenyewe. Mlezi aliwatazama wajumbe elfu mbili waliokuwa wakitazama viatu vyao, mabega yakitetemeka. Akashuka. Kesho yake tulitangaziwa kwa waraka wa ofisi, wenye namba ya kumbukumbu, kwamba ataendelea. Anaendelea mpaka leo. Faida tuliyoipata ni moja: tangu siku hiyo hajawahi kutuambia kwamba hataki.

Waziri Kidevu aliteuliwa balozi katika nchi ambayo hatuna uhusiano nayo, na nasikia bado yuko uwanja wa ndege wa huko akingoja kupokelewa. Na kwa kuwa kwa mujibu wa muswada rasmi Bi Kidawa alikubali kubaki, wizara ilimtafuta Bi Kidawa mwingine, mpwa wa mtu fulani, msichana mchangamfu anayecheka vichekesho vyake mwenyewe. Tamthilia hurushwa kila Jumapili. Jumapili saa kumi na mbili jioni mitaa imejaa watu tena, na wezi wamerudi kazini.

*

Mize alipigwa marufuku kupanda jukwaa lolote lenye urefu unaozidi kizingiti cha nyumba. Alikaa kwake. Majirani walimletea vyakula na kumwambia ameshinda, naye aliwashukuru. Lakini hakujiona mshindi. Watu aliowasimulia karibu miaka minne hakuwaaga. Maneno yake aliyoyaandika kwa ajili yao yalibaki kwenye kapu la taka la wizara, na alichowaachia ni maneno ya kamati. Hilo lilimkera kila alipoamka.

Alasiri moja alikuwa uani anaanua nguo aliposikia hodi. Alikuwa mzee Metusela, amebeba mfuko wa machungwa, hana koti.

"Nimekuja kukushukuru, binti yangu," alisema. "Nimefukuzwa kazi."

Mize alimvutia kigoda.

"Nimeandika barua za kuomba kustaafu mara tisa," mzee alieleza. "Zilikuwa zinakuja mezani kwangu mwenyewe nizigonge mhuri wa kupokelewa. Basi. Nina wajukuu wanne ambao nilikuwa siwajui majina. Sasa najua matatu."

"Mzee, siku ile uliponiuliza kama nimeusoma, wewe ulikuwa umeuona?"

Metusela alimenya chungwa, akampa nusu. "Miaka arobaini na miwili nimeona kila kitu, binti yangu. Kuona hakukuwa katika majukumu yangu." Akala pande moja, halafu akasema kwa haya kidogo, "Mimi nami ninacho kichekesho. Nimekitunga mwenyewe, zamani. Sijawahi kumwambia mtu."

"Nakusikiliza."

Mzee aliweka chungwa chini, akasafisha koo, akasimama wima kana kwamba anaapishwa. "Mtu mmoja alikwenda ofisini kuomba cheti cha kifo chake mwenyewe. Karani akamwambia, lete mashahidi wawili waliokuona ukifa. Yule mtu akaenda, akarudi na mmoja. Karani akamuuliza, wa pili yuko wapi? Yule mtu akasema..."

Akatazama kamba ya nguo, akatazama ukuta, akatazama viganja vyake vyenye madoa ya wino.

"Mwisho wake nimeusahau," alisema.

Mize hakucheka. Aliketi chini kwenye jamvi mbele yake, akaikunja miguu yake mirefu kama wafanyavyo watu wasio na haraka.

"Haidhuru, mzee wangu," akamwambia. "Huyo shahidi wa kwanza alikuwa nani?"